Ubeti wa Tatu wa Lori la Lusewa

Zamani gitaa la Songea likipigwa ukumbini Majengo, mtu wa Ruhuwiko aliweka kijiko chini akasikiliza. Siku hizi linapigwa huko huko Ruhuwiko, kwenye bustani yenye viti vya plastiki, na mtu wa meza ya tatu lazima ainamishe kichwa ndipo ajue kuwa linapigwa.

Hivyo ndivyo Otto Mbano wa Mfaranyaki alivyoliona jambo hilo, na alikuwa na haki ya kuliona hivyo, kwa sababu lile gitaa la zamani lilikuwa la kwake. Kuanzia mwaka sabini na nne hadi sabini na tisa alipiga solo katika bendi ya Radi ya Matogoro. Walikuwa vijana wanne, suruali pana chini, viatu vya kisigino kirefu vilivyoshonwa na fundi wa hapa hapa mjini, na walipiga roki. Santuri waliletewa na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akitoka Zambia. Walizisikiliza mpaka sindano ikaisha makali, wakazikopi noti kwa noti, kisha wakazitia maneno ya Kiswahili. Baada ya miaka miwili wakaanza kutunga zao.

Kilichokosekana kilikuwa ule mlio. Gitaa la kwenye santuri lilikwaruza, lilikuwa na hasira. La Otto lilitoka safi kama kinanda cha kanisani. Duka la kuuza kifaa cha kulikwaruzisha halikuwapo, wala Otto hakujua kama kifaa hicho kina jina. Alichokuwa nacho ni kitabu cha redio cha Kiingereza kilichopoteza jalada, na kamusi, na elimu yake ya darasa la saba. Siku moja akaifungua amplifaya, akachukua wembe, akaichana karatasi ya spika mara saba kutoka katikati kwenda ukingoni. Jumamosi ile gitaa liliunguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Watu walipanda juu ya viti.

Mwimbaji wao alikuwa Daimu, Myao wa Tunduru. Wangoni na Wayao ni watani, na kwa hawa wawili utani haukuwa wa mdomoni tu. Shati la Otto lilitoweka kwenye kamba likaonekana jukwaani mwilini mwa Daimu. Samaki wa Daimu aliliwa mpaka kichwa, na mwenyewe akirudi alikuta miiba imepangwa vizuri kwenye sahani. Hakuna aliyeomba wala aliyeshukuru, na ambaye angekasirika angechekwa mji mzima. Ilikuwa namna ya watu kuambiana kwamba chako ni changu bila kulitamka neno la aibu kama hilo.

Yote hayo yamekwisha. Ukumbi uliezuliwa ukawa ghala la mbolea. Wawili wa bendi walikufa mapema, wa tatu akaenda migodini asirudi, na Otto akabaki na redio. Miaka arobaini alitengeneza redio kwenye kibaraza cha nyumba yake, na kila aliyoifungua aliichora alama ndogo kwa msumari ndani ya kifuniko, ili siku ikiibwa au mwenyewe akikana kwamba iliwahi kutengenezwa, Otto aifungue na kuonyesha. Sasa ana miaka sabini na mitatu. Wanamletea chaja za simu. Wanamwekea mezani bila shikamoo, macho yao yakiwa kwenye simu nyingine.

Kuhusu watu wanaotaka habari za zamani, alishapata somo. Miaka kumi na sita iliyopita alikuja bwana mmoja na gari, mwenye shati la mifuko minne, akisema anakusanya historia ya muziki. Alikunywa chai, akasifu, akaazima picha pekee ya Radi ya Matogoro iliyokuwa imebaki duniani. Alisema atairudisha Ijumaa. Hakusema Ijumaa ya mwaka gani.

Kwa hiyo mwezi wa nane, vijana wawili walipoingia uani kwake jioni moja ya vumbi, mmoja amebeba gitaa kavu, lisilo la umeme, mgongoni, Otto hakunyanyuka. Waliamkia vizuri, shikamoo ya kuinama, na hilo nalo likamtia wasiwasi. Watoto wa siku hizi wakiinama wanataka kitu. Mvulana alijitaja kuwa Valence, muuzaji wa taa za jua karibu na soko kuu. Msichana, Zuhra, alikuwa akisomea uuguzi. Otto alipomuuliza kwao ni wapi, alijibu kuwa ni mbali kidogo, akatazama juu ya paa kama anayekagua mabati.

Walieleza shida yao. Walikuwa wakichukua zile roki za Kizungu za zamani, zile kali za miaka ya sabini, wakaziondolea makelele, wakazipiga taratibu kwa gitaa kavu mpaka zikawa bluzi. Jumapili mchana walizipiga kwenye bustani moja Ruhuwiko. Valence akamsikilizisha mmoja kwenye simu. Otto aliutambua kwenye mstari wa pili, wimbo aliokuwa akiupiga mpaka vioo vya ukumbi vikalia, na sasa ulikuwa ukijikokota, nyuzi mbili tatu, sauti ya msichana ikizunguka kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

Akawaambia ni sawa na kukutana na mwanamume uliyemfahamu akiwa askari, leo amevaa kanga.

“Sawa, babu,” Valence akasema. “Lakini akiwa na gwanda la askari, utajuaje kama ana kidonda mguuni?”

Otto hakulipenda jibu hilo kwa sababu lilikuwa zuri.

Ndipo msichana alipoutaja wimbo wenyewe. Alitaka kufundishwa Lori la Lusewa. Otto akauweka chini ule waya wa chaja. Lori la Lusewa haukuwahi kurekodiwa. Ulipigwa kwa miezi isiyotimia mitatu, mwanzoni mwa mwaka sabini na tisa, na waliousikia wengi wao wako makaburini. Akauliza nani amemwambia habari za wimbo huo. Zuhra akasema amesikia kwa wazee. Wazee gani? Wazee tu, babu.

Wakati huo Theodosia, mke wa Otto, alileta muhogo wa kuchemsha na chai. Kila mmoja alipewa sahani yake. Zuhra akanyoosha mkono moja kwa moja hadi kwenye sahani ya Otto, akachukua kipande kikubwa kuliko vyote, akakila taratibu akimtazama usoni. Hakuomba wala hakushukuru. Otto akajisemea kimoyomoyo kwamba anayechukua muhogo namna hii, wimbo ataufanyaje.

Walipoondoka, Theodosia alikusanya vikombe akicheka peke yake.

“Yule binti ni Myao, Baba Hilda.”

“Yule binti ni mwizi.”

“Mwizi hachukui huku anakuangalia. Nawe zamani ungemnyang'anya kikombe cha chai mkononi.”

Otto akamjibu kuwa zamani ilikuwa zamani, na siku hizi mtu akikuchukulia chako amekuibia, basi.

Hata hivyo aliwaruhusu warudi. Mwenyewe alijiambia anataka kuwachunguza. Ukweli ni kwamba miaka arobaini na sita hakuna mtu aliyewahi kumwomba ashike gitaa, na vidole vilikuwa vikimwasha. Walikuja mara nne, saa kumi jioni, wakaketi kibarazani kati ya maiti za redio. Aliwafundisha ubeti wa kwanza, ule wa lori linaloteleza kwenye tope likiipandisha ile njia ya Lusewa kuelekea Tunduru, pale masika ilipoachia nafasi ya kupita. Aliwafundisha wa pili, abiria wanashuka, wanavua viatu, wanasukuma. Valence alikuwa na masikio. Hilo Otto alilikubali kwa kinyongo. Kila walipopumzika, msichana aliuliza swali lile lile: na ubeti wa tatu?

Hakuuliza habari za gitaa, wala za wembe na spika, hadithi ambayo Otto aliisimulia mara mbili bila kuombwa. Aliuliza ya Daimu. Aliimba amesimama au akitembea? Alikuwa mtu wa hasira? Alipoimba ubeti wa tatu alicheka? Mwizi wa wimbo anataka jina la mtunzi afahamu kama ana ndugu watakaodai. Ndivyo Otto alivyofikiri usiku kucha akigeukageuka kitandani. Na yule mvulana naye aliiacha simu yake mezani, kioo chini, kila siku mahali pale pale. Otto aliwahi kuifunika kwa kofia yake, kwa hofu ya kurekodiwa.

Ubeti wa tatu ulikuwa na habari yake.

Daimu aliutunga wimbo ule jikoni kwa Otto, kwa gitaa kavu, taratibu, akinong'ona, mvua ikipiga paa la nyasi. Mkewe, Chiku, alikuwa amerudi kwao Tunduru kwa ugomvi, akiwa na mimba, na maneno yalikuwa yamepita kati ya koo mbili kwamba Daimu ameikana. Hakuikana. Alikuwa amenyamaza siku moja aliyotakiwa kusema, na watu wakaufasiri ukimya wake. Ubeti wa tatu ulikuwa barua:

Mwambieni Chiku, mimba ile ni yangu,
akija wa kike aitwe Sabra kama mama yangu,
lori likikwama nitakuja kwa miguu.

Siku ya kuupiga ukumbini walikuwapo wafanyabiashara wa Tunduru, na Daimu aliwakusudia hao. Lakini kabla ya Jumamosi Otto alikuwa ameupa wimbo ule mlio wa lori. Ilikuwa kazi yake bora maishani. Spika iliyochanika ilinguruma kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, watu wakacheza mpaka vumbi likatoka kwenye saruji, na hakuna mtu hata mmoja aliyesikia neno. Wale wafanyabiashara walirudi Tunduru na habari moja: mumeo amekuimba jukwaani na watu wamecheka sana.

Mwezi wa tatu mwaka huo homa ilimkamata Daimu, lori la kumpeleka Tunduru likiwa limekwama siku ya tisa kwenye tope, na akafa akilisubiri. Kwa desturi, mtani ndiye mwenye kazi msibani. Otto alipaswa kwenda Tunduru kupeleka habari, na pamoja na habari, yale maneno. Njia ilikuwa imefungwa. Ilipofunguka, kulikuwa na mavuno. Baada ya mavuno alioa. Baada ya kuoa aliona aibu ya kuchelewa, na aibu ya kuchelewa haipungui kwa kuendelea kuchelewa, kwa hiyo hakwenda.

Hayo yote aliyajua yeye peke yake. Theodosia mwenyewe, aliyeingia nyumba ile mwaka themanini akitokea kwenye kwaya ya parokia, alijua tu kwamba palikuwa na Daimu na kwamba mumewe hapendi kwenda upande wa Tunduru.

Siku ya nne, Zuhra alifungua daftari lake kwenye ukurasa mweupe, akasema leo hawaondoki bila ubeti wa tatu, na kama babu hataki atakula muhogo wote na sahani yake.  Otto akafanya kama alivyofanya kwa redio. Akauwekea wimbo alama ya msumari ndani ya kifuniko. Akawaimbia ubeti alioutunga usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sauti ya mtu anayekumbuka kwa shida:

Nikifia njiani msimtafute mtu,
sina mke nyuma wala mtoto,
nina gitaa langu na barabara.

Ulikuwa ubeti mzuri. Ulifanana na roki yenyewe, majigambo ya vijana wa enzi zile. Siku watakapoutoa wakisema ni wao, au ni wa mjomba wa fulani, Otto angesimama mbele za watu na kusema: huo niliutunga mimi, Jumatano iliyopita, kuwakamata nyinyi.

Zuhra aliandika mistari miwili akasimamisha kalamu. Akaomba arudiwe ule wa kati. Otto akaurudia bila kupepesa jicho. Msichana akaumalizia kuandika, akafunga daftari, na kwa mara ya kwanza akaondoka bila kumchokoza mtu. Otto alimtazama mgongo mpaka kona. Ameshapata alichokifuata, alimwambia mkewe. Ndiyo maana hana haja tena ya kucheka nasi.

Jumapili alivaa koti lake, akaenda Ruhuwiko bila kuaga. Alikaa meza ya nyuma kabisa, akaagiza soda, akaliweka gazeti mbele ya uso kama mpelelezi. Wateja walikuwa watu wa benki na walimu na wake zao, wanakula chipsi. Vijana walianza na zile za Kizungu. Otto alisubiri kukasirika, na alikasirika, lakini hasira ilikuwa na shimo katikati, kwa sababu kwenye wimbo mmoja, ule aliokuwa akiumwagia ngurumo ya dakika nne, alisikia kwa mara ya kwanza kwamba chini ya ngurumo palikuwa na mtu analia.

Kisha Valence akavuta kiti, akasema wimbo unaofuata ni wa Daimu wa Tunduru, aliyeimba na Radi ya Matogoro, na wamefundishwa na Mzee Otto Mbano wa Mfaranyaki, mpiga solo wa bendi hiyo, ambaye ni hazina ya mji huu na hakuna anayemwamkia.

Otto akalishusha gazeti. Hotuba yake ya kuwakamata ikabaki mdomoni bila mtu wa kumkamata.

Lori la Lusewa ulipigwa kama ulivyozaliwa. Valence, ambaye hakuwahi kuambiwa habari za lile jiko, alikuwa ameuondolea lori lote, akabakiza mvua. Kila neno lilisikika. Wake wa walimu waliacha chipsi. Ulipofika ubeti wa tatu, Zuhra aliimba mstari wa kwanza, akaimba wa pili, sina mke nyuma wala mtoto, na sauti ikamkatika. Valence akaumaliza peke yake kwa nyuzi. Watu walipiga makofi kwa kusimama. Walidhani ndivyo unavyoimbwa.

Vijana walimkuta pale nyuma, amesimama, kofia mkononi. Watu wazima walikuwa wameanza kumjia kumpa mkono na kumwuliza kama ni yeye. Zuhra alisubiri wapungue. Hapo ndipo alipomwambia.

“Babu, Daimu ni babu yangu. Mama yangu ni Sabra, yule wa mimba ile.”

Alisema alificha kwa sababu bibi yake, Chiku, alimwonya: nenda kama mgeni, yule Mngoni hakuja kwenye msiba wa mtani wake mwenyewe, akijua wewe ni nani hatakwambia kitu. Alisema bibi sasa hana nguvu ya kuamka, na jambo moja tu analouliza ni nini hasa aliimbiwa siku ile, maana amekaa miaka arobaini na sita akijua kwamba ameimbwa na hajui ameimbwa nini. Mama naye haulizi, lakini akisikia redio inapiga gitaa huizima.

“Sasa tumejua,” Zuhra akasema. “Si vibaya kujua.”

Pale ndipo Otto alipaswa kufungua mdomo. Aliufungua. Lakini mwalimu mmoja alikuwa bado ameshika mkono wake akiutikisa, akisema mzee, ule ubeti wa tatu, ule ndio mashairi, na Otto akasikia jina lake likisemwa meza hadi meza, jina ambalo halikuwa limesemwa kwa sauti tangu ukumbi uezuliwe. Akasema asante. Akasema anasikia baridi. Akaenda zake.

Kwa Theodosia alidumu na siri hiyo siku moja na nusu. Mwishowe alimwambia akiwa amempa mgongo, akilehemu kitu ambacho hakikuwa kimekatika. Theodosia aliacha kupepeta mahindi.

“Kwa hiyo ulikalia mzigo wa mtu miaka yote, hukuupeleka. Mwenyewe akaufuata mpaka mlangoni, ukampa mwingine.”

“Nilidhani ni wezi.”

“Alikula muhogo wako, Otto.” Hakuwa amemwita kwa jina tangu Hilda azaliwe. “Mtoto wa mtani wako alikula muhogo sahanini mwako, kakwambia kila kitu. Ulitaka akuletee cheti?”

Habari za safari alizipata kwa kijana aliyeachiwa duka la Valence: wanaondoka kesho asubuhi kwa basi la Tunduru, wanakwenda kumpigia bibi wimbo kitandani kwake. Siku hizi ni lami tupu. Njia iliyomla Daimu siku tisa, mtu anaimaliza kabla chai ya saa nne haijapoa, huku akitazama sinema.

Otto alifika stendi mapema. Hakuandika kitu kwenye karatasi, aliona karatasi ni woga. Walikuwa wameshakaa, Zuhra dirishani, gitaa kati ya magoti ya Valence. Alisimama chini ya dirisha akavua kofia. Alisema ule ubeti ni wa uongo. Alisema aliutunga yeye, kuwatega, kwa kuwa aliwadhania vibaya. Alisema wa kweli ni huu, na kwa kuwa maneno matupu yalimkwama, akauimba, pale pale, taratibu, kwa sauti iliyopasuka mara saba. Kondakta alikuja akamshika bega akamwambia mzee, ombaomba tumewakataza kwenye madirisha. Otto akauimba mpaka mwisho, nitakuja kwa miguu, bega likiwa mkononi mwa kondakta.

Zuhra alikuwa amemsikiliza bila kusogea. Uso ulimfunguka kwenye mstari wa kwanza, Otto aliona kwa macho yake. Kisha taratibu ukafungika.

“Hilo jina la Sabra,” akasema, “nilikutajia mimi Jumapili, babu. Na mimba nikakutajia. Na Chiku.”

“Lilikuwamo tangu siku ya kwanza.”

“Bibi alimpa mama jina hilo la mkwewe kwa kuwa ndiyo desturi yetu, hakuambiwa na wimbo.” Alikuwa akisema kwa upole, kama nesi. “Mimi nataka sana kukuamini. Hilo ndilo linalonitisha. Umeniona nalia, ukaenda nyumbani, siku ya tatu unaniletea maneno yale yale niliyokuwa nayataka.”

Otto akasema aape kwa nini. Akataja kaburi la Daimu. Akamtaja Mungu wake yeye na Mungu wa kwao.

“Ule wa kwanza pia ulituimbia vizuri, mzee,” Valence akasema, na hapakuwa na mzaha. “Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwako. Hukupepesa.”

Nani mwingine angeulizwa? Bendi imekwisha. Rekodi hakuna. Watu mia tatu walikuwapo ukumbini, wakacheza, na yeye ndiye aliyehakikisha hawasikii. Shahidi wa maneno yale ni mmoja tu duniani, na shahidi huyo alikuwa amekwisha kusema uongo mara moja, kwa ufundi.

“Sasa nimwimbie upi?” Zuhra akauliza. Hakuwa akimwuliza Otto hasa.

Dereva akawasha injini, kondakta akapiga bodi kwa kiganja. Otto alitembea kando ya dirisha hatua kadhaa, mkono kwenye bati, akirudia mwambieni Chiku, mwambieni Chiku, hata pumzi ikamwishia mbele ya kibanda cha tiketi. Pale basi lilipopinda kuingia barabara ya Namtumbo alimwona binti amefungua daftari magotini, ameshika kalamu, na mvulana ameinama naye juu yake. Lakini kama alikuwa akiandika, au akifuta, kioo kilikuwa na vumbi na Otto hakuweza kuona. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona.